Meza ya Mkutubi na Riwaya Tatu: Funzo kutoka Pwani ya Malindi na Kilifi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa wa Kiswahili,

Mwezi huu mkutubi mmoja wa huku kwetu alipanga riwaya tatu juu ya meza iliyo karibu na mlango, akabandika karatasi kuwahimiza wageni wazisome. Nilifika hapo na wanafunzi wangu wa Kidato cha Nne. Waliipita meza ile, wakaenda moja kwa moja kuulizia mwongozo wa kitabu teule. Siwalaumu, kwani ndivyo tulivyowazoesha. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba historia ya riwaya ya Kiswahili haiwezi kueleweka kwa kitabu teule pekee, na kwamba meza ile ilikuwa somo kamili. Hebu tuzitazame riwaya hizo moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, iliyochapishwa London mwaka 1934. Wahakiki huihesabu miongoni mwa kazi za mwanzo za nathari ndefu ya Kiswahili zilizoandikwa na Mwafrika, ingawa wengine huiona kuwa historia zaidi kuliko riwaya. Inasimulia habari za watumwa waliookolewa na Waingereza na kupewa makao Freretown, Mombasa. Baba yake mwandishi alikuwa mmoja wa waliookolewa, na si ajabu kwamba sifa nyingi zinawaendea waokoaji.

Sasa isome ukiwa Malindi. Kuanzia miaka ya 1860, mashamba ya mtama na ufuta ya eneo hili yalilimwa na watumwa. Baadhi yao hawakungoja meli ya mtu. Walitoroka, wakaanzisha makao yao bara, Fulladoyo na Makongeni yakiwa mifano. Hapo ndipo mwanafunzi anapoelewa maana ya mtazamo wa mwandishi: uhuru wa kupewa na uhuru wa kujitwalia si hadithi moja. Dhana hii haifundishiki vyema kwa kukariri orodha ya maudhui.

Riwaya ya pili, Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja, haihusu Malindi wala Kilifi. Mkutubi aliiweka mezani kwa sababu inahusu kazi yake mwenyewe. Mwaka 1948 liliundwa Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lenye makao Nairobi. Shirika hilo lilichapisha vitabu, likawahimiza waandishi chipukizi na wakati huohuo likaendesha huduma za maktaba, zikiwemo za kuazimisha vitabu kwa masanduku na kwa njia ya posta. Abdulla alishinda shindano lake la uandishi la 1957-58, na kitabu kikatoka mwaka 1960. Mwaka huohuo shirika lilichapisha pia Kurwa na Doto ya Muhammad Saleh Farsy. Kwa hivyo, aliyemtafuta mwandishi ndiye aliyemtafuta msomaji. Bwana Msa, mpelelezi wa Abdulla, aliandikiwa watu wa kusoma kwa hiari yao.

Riwaya ya tatu ni Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, na hapa tumefika nyumbani. Mkangi alizaliwa Ribe, katika Kaunti ya Kilifi ya leo. Alikuwa mwanasosholojia na mhadhiri wa chuo kikuu. Alitangulia kuandika Ukiwa (1975) na Mafuta (1984), na katika miaka hiyo ya 1980 serikali ilimweka kizuizini bila kumfungulia mashtaka. Alifariki katika ajali ya barabarani mwaka 2004. Katika Walenisi, Dzombo anahukumiwa kufa, lakini safari iliyokusudiwa kumwangamiza inamfikisha kwenye jamii ya watu walio sawa. Ukilikata jina hilo utapata "wale ni sisi". Nilipowauliza wanafunzi wangu ni nani aliyewahi kumsikia mwandishi huyu, hakuna mkono ulioinuka. Dzombo ni jina wanaloitana kila siku, ilhali hawakujua kwamba limo katika riwaya.

Utasema, mwalimu, kwamba muda hautoshi. Ni kweli. Tumefundisha Kidagaa Kimemwozea, tukaja Chozi la Heri, kisha Nguu za Jadi, na kila moja ilidai miezi mingi. Lakini anayeijua riwaya moja tu hana cha kuilinganisha nayo; atasema mbinu fulani imefaulu bila kujua njia nyingine ambayo mwandishi angeweza kuifuata. Isitoshe, Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti jukumu la maktaba. Kitabu kisichoazimwa hakina wa kukitetea bajeti inapogawanywa, na nakala za Mkangi zikichakaa rafuni huenda zisinunuliwe nyingine.

Basi, mtahiniwa, azima moja ya riwaya hizi likizo hii, kisha ujibu swali hili kwa kurasa mbili: Je, mhusika mkuu anapata uhuru kwa kupewa au kwa kujitwalia? Linganisha na riwaya teule. Nawe mwalimu, kabla ya kuwapeleka wanafunzi maktabani, tangulia wewe umuulize mkutubi ameweka nini mezani.