Bundi na Komba wa Vilima vya Pugu

Babu yangu alikuwa mgema Kisarawe. Alipanda minazi alfajiri na jioni, akakata karara na kufunga kibuyu, na mara nyingi alikuta komba amemtangulia kuonja. Hakumrushia jiwe kamwe. Alisema komba ni wa ukoo wa wagema. Pwani yote mtu aliyezidiwa na tembo huambiwa kalewa kama komba, na husemwa kwa mapenzi.

Bundi hakupata huruma hiyo. Akilia juu ya paa, bibi alitoka na kijinga cha moto kumfukuza, maana sauti ile ilikuwa habari ya msiba. Kulipokucha tuliulizana nani anaumwa.

Hofu hiyo nilihama nayo hadi Kibaha, mji ambako tangu mradi wa nchi za Nordiki wa 1963 wakulima wamekuwa wakifundishwa kilimo na ufugaji. Nikafuga kuku. Panya wakavamia chakula chao, kisha bundi akahamia kwenye mwembe wa uani. Panya wakapungua. Siku hizo ndipo nilipoanza kumsikiliza bila kuogopa.

Bundi na komba wote ni wa usiku, wenye macho makubwa, lakini mmoja ni kitoweo cha mwenzake. Komba mama hubeba mtoto mdomoni, humwacha tawini anapokwenda kutafuta wadudu. Bundi hupita juu bila kishindo. Wapo wanaodhani komba ana mfuko tumboni kama wanyama wa Australia. Hana, na Afrika nzima haina mnyama wa asili wa namna hiyo. Mfuko wake ni pango la mti mzee, na bundi naye mara nyingi hutagia humo humo.

Miti hiyo ndiyo iliyokwisha. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam 1905 ilipita Pugu na kufika Morogoro 1907. Jiji likakua, likataka mkaa, na msitu ukaliwa gunia kwa gunia. Katika mabaki ya misitu ya Pugu na Kazimzumbwi bado yupo komba wa Rondo, mwenye gramu 60 hivi, aliyepewa jina la kisayansi miaka ya 1990 tu. Nje ya Tanzania hajulikani kuishi popote.

Ndugu yangu wa Kisarawe, mti wenye pango usiutie kwenye tanuri la mkaa. Na bundi akilia juu ya paa lako usiku huu, kijinga kiache jikoni.