Valvu Ndani ya Valvu: Historia ya Tiba ya Moyo kwa Jicho la Mafia

Katika Kisiwa cha Mafia, kama kwingineko Tanzania, ugonjwa wa valvu za moyo mara nyingi huanzia kooni, kwa kuwa maambukizi ya bakteria yasiyotibiwa kwa penisilini huweza kumletea mtoto homa ya baridi yabisi, ambayo huziharibu taratibu valvu, yaani vijilango vinavyoipitisha damu mbele na kuizuia isirudi nyuma.

Mwaka 1960, Albert Starr wa Marekani alifanikiwa kupandikiza valvu ya kutengenezwa, iliyodumu sana lakini ikamlazimu mgonjwa kumeza maisha yote dawa ya kuzuia damu isigande, kupimwa damu mara kwa mara na, akiwa mwanamke, kukabili hatari ambayo dawa hiyo huiletea mimba. Baadaye katika muongo huohuo, Alain Carpentier wa Ufaransa alitumia valvu za nguruwe zilizohifadhiwa kwa kemikali; hizo ziliwapunguzia wengi mzigo wa dawa, ingawa kwa kawaida huchakaa baada ya miaka 10 hadi 15, na kwa vijana mapema zaidi, kwani chokaa huzikakamaza, na zamani mgonjwa hakuwa na njia ila kupasuliwa kifua mara ya pili.

Njia nyingine ilifunguka mwaka 2000 jijini Paris, pale Philipp Bonhoeffer alipompitishia mvulana wa miaka 12 valvu iliyotoka katika mshipa wa ng'ombe, ikiwa imekunjwa juu ya katheta, yaani mrija mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa wa damu, akaitanua ndani ya mfereji wa bandia uliokuwa umeziba. Mwaka 2002, Alain Cribier alitumia mbinu kama hiyo mjini Rouen kwenye valvu ya asili ya mshipa mkuu, na mwaka 2015 Marekani iliidhinisha kuweka valvu mpya ndani ya valvu ya tishu, kama zile za nguruwe, iliyochakaa.

Tanzania, ambayo kwa miaka mingi ilipeleka wagonjwa wake India, ilianza upasuaji wa kufungua moyo katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaanzisha Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Hata hivyo, mkazi wa visiwa vidogo vya Jibondo au Chole, jirani na Mafia, hana budi kuvuka hadi kisiwa kikuu na kufika Kilindoni, kupanda boti ya Nyamisati, upande wa bara, kisha kusafiri kwa gari hadi Dar es Salaam, safari inayolifanya kila sharti la kupimwa damu kuwa zito. Kwake yeye, na hasa kwa msichana anayetarajia kuzaa, valvu ya tishu ina thamani kubwa zaidi pale panapokuwa na katheta ya kuleta nyingine ya kuirithi. Lakini kwa kuwa valvu mpya hukaa ndani ya pete ya ile kuukuu na kuipunguza nafasi, urithi huo huamuliwa siku ya upasuaji wa kwanza, daktari anapochagua upana wa pete.