Kifuko cha maji kilichowashughulisha wapasuaji wa uti wa mgongo

Mwaka 1938, daktari wa Kimarekani Isadore Tarlov alieleza jambo ambalo hakuwa akilitafuta. Akiwa mjini Montreal, Kanada, alichunguza maiti 30 za watu wazima ili kuufahamu uzi mwembamba ulio mwishoni mwa uti wa mgongo. Katika maiti 5 alikuta vifuko vya maji kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu, juu kidogo ya kifandugu.

Vifuko hivyo si saratani. Hata hivyo, katika ukuta wake mna nyuzi za mshipa wenyewe, na hapo ndipo penye taabu: mpasuaji anayekiondoa kifuko chote anaweza kumwondolea mgonjwa hisia, au uwezo wa kuzuia mkojo.

Mwanzoni Tarlov hakudhani kwamba vina madhara. Isitoshe, mwaka 1934 madaktari William Mixter na Joseph Barr wa Boston walikuwa wameonyesha kwamba maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni huweza kusababishwa na gegedu la kati ya pingili linapochomoza na kubana mshipa. Ugunduzi huo ulikuwa wa kweli, lakini uling'aa mno hata ukafunika sababu nyingine. Mwaka 1948 Tarlov aliandika juu ya maumivu ya aina hiyo hiyo yaliyotokana na kifuko, yakatulia kifuko kilipoondolewa. Mwaka 1953 alitoa kitabu kizima juu ya maradhi hayo.

Kuvitambua hakukuwa rahisi. Madaktari walidunga mgongoni dawa inayoonekana kwenye eksirei, lakini mlango wa kifuko ni mwembamba na dawa huingia polepole. Picha iliyopigwa papo hapo haikuonyesha kitu, ilhali ile ya baada ya saa nyingi, au hata siku kadhaa, ilikionyesha kimejaa. Bila shaka wapo walioambiwa hawana ugonjwa kwa sababu tu picha ilipigwa mapema.

Mashine za MRI, zilizoenea katika miaka ya 1980, ziligeuza tatizo hilo juu chini. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 1994 ulipitia picha za watu 500 na kukuta vifuko kwa asilimia 4.6, lakini waliosumbuliwa navyo walikuwa asilimia 1 tu. Sasa kazi ngumu ni kujua kama kifuko kinachoonekana ndicho kinachouma.

Upasuaji nao umebadilika. Wapasuaji wengi hawaking'oi tena kifuko: hufungua mfupa kwa nyuma, hukitoboa, hupunguza ukuta wake na kuushona kuuzunguka mshipa, kisha huziba nafasi kwa mafuta au msuli wa mgonjwa mwenyewe. Wengine huyanyonya maji kwa sindano. Nafuu huja upesi, ila mara nyingi kifuko hujaa tena.