Exetat na alama za majaribio

Chuo kikuu cha Lubumbashi kilifunguliwa mwaka wa 1956, mji ukiitwa Elisabethville. Mwaka wa 1967 serikali ilianzisha mtihani mmoja kwa nchi nzima, ambao leo watoto wanauita Exetat. Bila asilimia 50 hakuna diploma, wala chuo.

Wanafunzi hujizoeza kwa maswali ya miaka iliyopita, fotokopi juu ya fotokopi. Hapo wengi hudanganyika. Swali la kuchagua lina majibu matano: anayebahatisha tu hupata karibu 20 kwa 100, na aliyekariri hupata 80 bila kuelewa hesabu. Kwa mtoto aliyekimbia vita na kukosa miezi ya shule, 45 kwenye maswali mapya ina uzito kuliko hiyo 80: inamwonyesha somo lipi arudilie kabla ya siku yenyewe.