Upanga Magotini: Bergen na Watu wa Mfalme

Karibu na mlango wa bandari ya Bergen, magharibi mwa Norwei, pamesimama ukumbi wa mawe uliojengwa na Mfalme Håkon Håkonsson katikati ya karne ya 13. Watalii husifu kuta zake. Mimi hunivutia zaidi waliokula humo: hird, wapiganaji wa nyumba ya mfalme, waliomlinda usiku na mchana.

Håkon alijua thamani yao. Tangu 1130 hadi 1240 Norwei ilitafunwa na vita vya kugombea ufalme, na mfalme asiye na watu wa kumkinga hakudumu. Kwa hiyo kuingia katika hird hakukuwa kupata kibarua. Mfalme aliketi na upanga magotini, mpini ukielekea mbele. Aliyepokewa akapiga goti, akaushika mpini kwa chini kwa mkono wa kulia, akawa mtu wake.

Humo ndani hawakuwa sawa. Vijana wa ngazi ya chini walishika mishumaa mbele ya meza ya mfalme. Wengine waliitwa “wageni”, jina la kejeli kidogo, maana walipobisha hodi mwenye nyumba hakufurahi. Kioo cha Mfalme, kitabu cha Norwei cha karne hiyohiyo, kinasema walisaka na kupeleleza maadui wa mfalme kwa nusu ya malipo ya wenzao, tena meza ya mfalme waliikaribia Krismasi na Pasaka tu. Kazi chafu yao, minofu ya wengine!

Mkono wa mfalme ulifika hata ng’ambo ya bahari. Snorri Sturluson, mwanahistoria wa Aisilandi, alikuwa mtu wa Håkon, lakini mwaka 1239 aliondoka Norwei bila ruhusa. Mwaka 1241 Gissur Þorvaldsson, naye mtu wa mfalme, alimvamia nyumbani kwake, Reykholt. Snorri akauawa ndani ya ghala la chini ya nyumba.

Miaka ya 1270 Magnus, mwana wa Håkon, aliweka kanuni za hird katika maandishi: vyeo, zamu za ulinzi, mgawo wa nyara. Naona hapo upanga ulishaanza kuipisha kalamu, kwani wengi wa watu wa hird walikwisha kuwa wasimamizi wa wilaya. Kisha Håkon wa Tano, aliyetawala tangu 1299, akaegemea Oslo. Bergen ikabaki na wafanyabiashara wake wa samaki, na baadaye ukumbi ule ukafanywa ghala la nafaka.