Subaru Impreza WRX

Subaru Impreza WRX ni gari la mwendo kasi la kampuni ya Subaru ya Japani, lililoanza kuuzwa mwaka 1992. Tangu 2014 linaitwa WRX tu. Lina injini ya tabo yenye silinda 4 zilizolala, mbili kila upande, na huendeshwa na magurudumu yote manne. Katika Afrika Mashariki sifa zake zilikuzwa na Safari Rally ya Kenya, ambako Impreza ya mbio ilishinda mwaka 1997 ikiwa na Colin McRae na mwaka 2000 ikiwa na Richard Burns.

Kununua lililotumika

Injini ndiyo huwatia wanunuzi hasara kubwa zaidi. Inafaa ikutwe baridi. Boneti likiwa na joto kabla ya mnunuzi kufika, huenda muuzaji anaficha mlio. Kugonga kunakopotea injini ikipata moto mara nyingi hutokana na pistoni na si hatari sana. Kugonga kunakobaki au kuongezeka ni dalili ya beringi za konrodi kuisha, na hapo injini itafunguliwa yote au kubadilishwa. Chanzo cha kawaida ni kuendesha gari huku oili imepungua, kwa hiyo kijiti cha oili kitazamwe kabla ya rangi.

Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, pistoni hugonga valvu. Asiye na risiti ya fundi ahesabiwe kuwa hajaubadilisha.

Aina ya STI ina bei kubwa zaidi, na nembo yake hubandikwa hata kwenye WRX za kawaida. Kwa magari ya soko la Japani ya 2000–2007, namba ya chesisi ya STI huanza na GDB na gia zake ni 6. Ya WRX huanza na GDA.

Matairi yote manne yawe ya saizi moja na yamelika sawa, la sivyo difu ya kati huumia. Likizungushwa polepole usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, gari halipaswi kushikashika.

WRX ambayo tabo, eksozi na kompyuta yake havijaguswa ni adimu, na inastahili kuongezewa bei.

Kwa anayeagiza Japani, karatasi ya mnada huonyesha kilomita na hali ya bodi. Daraja R au RA huashiria gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyozidi miaka 8, hivyo Impreza za zamani hupatikana huko kwa wamiliki wa ndani pekee.