Nyimbo Zilizorudi kwa Wenyewe

Njia ya nyimbo za zamani mjini New York inaanzia Mtaa wa 28, upande wa magharibi, kati ya barabara ya Tano na ya Sita. Pana majengo ya ghorofa nne yaliyojengwa katikati ya karne ya 19, na mwaka 2019 jiji liliyaweka matano kati yake kwenye orodha ya urithi wake. Hapa ndipo ilipokuwa Tin Pan Alley. Kampuni ya M. Witmark & Sons, ya kuchapisha nyimbo, ilihamia hapo mwaka 1893, wachapishaji wengine wakafuata, na mtaa mzima ukajaa piano. Redio ilikuwa haijaja. Wimbo uliuzwa kwa karatasi iliyochapwa noti na maneno, na vijana waliajiriwa kuupiga na kuuimba mchana kutwa mpaka mwimbaji fulani aukubali na kuupeleka jukwaani.

Kumbi za maonyesho ziliposogea kaskazini, biashara hiyo nayo ilisogea. Nilipopanda Broadway kwa miguu kuifuata, kilichonigusa ni jinsi mambo yalivyokaribiana huko juu. Kati ya Mtaa wa 48 na wa 52, mwendo wa dakika chache tu, zipo ofisi zilikotungwa nyimbo zilizoimbwa dunia nzima, na zipo kumbi ambako nyimbo za namna hiyo zilirudi miaka mingi baadaye, safari hii zikiwa ndizo onyesho lenyewe. Hakuna mhusika mkuu, hakuna kisa. Ni waimbaji wachache, bendi, na zilipendwa moja baada ya nyingine. Wapo wanaoliona onyesho la aina hiyo kuwa kazi ya kivivu. Mimi naliona kuwa ndipo mahali pazuri kuliko pote pa kuusikia wimbo ambao tumeuzoea mpaka hatuusikii tena.

Tuanzie ukumbi wa Longacre, Mtaa wa 48. Tarehe 9 Mei 1978 lilifunguliwa hapo onyesho la Ain't Misbehavin', lenye waimbaji watano, akiwemo Nell Carter, na nyimbo za mpiga piano Fats Waller, aliyefariki mwaka 1943. Lilikuwa limeanza miezi michache kabla kwenye ukumbi mdogo wa Manhattan Theatre Club. Likachukua tuzo ya Tony ya onyesho bora la muziki, na likachezwa mara 1,604.

Waller anakumbukwa vizuri. Aliyemwandikia maneno ya nyimbo zake nyingi hakumbukwi hivyo. Andy Razaf alizaliwa Washington mwaka 1895 kwa jina la Andriamanantena Paul Razafinkarefo, wa ukoo wa Malkia Ranavalona III wa Madagaska. Baba yake aliuawa Wafaransa walipokivamia kisiwa hicho. Mama yake, binti wa balozi mdogo wa Marekani kule, alikimbia akiwa na mimba, naye alikuwa msichana mdogo bado. Mtoto yule wa Bahari ya Hindi akakulia Marekani, akawa miongoni mwa washairi hodari wa Harlem. Mwaka 1929 yeye na Waller walitunga nyimbo za Hot Chocolates, onyesho lililotoka kilabu cha Connie's Inn mpaka Broadway.

Katika onyesho hilo la 1929 kulikuwa na wimbo uitwao "Black and Blue". Inasimuliwa kwamba jambazi Dutch Schultz, aliyekuwa ametia fedha zake humo, aliagiza wimbo wa kuchekesha kuhusu mwanamke mweusi tii anayelalamikia rangi yake. Razaf akaandika maneno yaliyoanza kama kichekesho na kuishia kuwa shitaka la mtu mweusi dhidi ya nchi inayomdharau. Kwa miaka mingi baadaye wimbo huo ulikuwa mali ya wapenzi wa jazi. Ain't Misbehavin' iliuweka karibu na mwisho, baada ya usiku mzima wa mizaha na dansi. Watu wamecheka wee, ghafla dansi inakatika, wale watano wanauimba pamoja, polepole, wakiwa wamewakabili watazamaji. Kisa chochote kingeupunguzia nguvu, maana ungekuwa malalamiko ya mhusika mmoja. Pale ulikuwa wa wote watano, na wa Razaf, aliyekuwa amefariki mwaka 1973 bila kuliona onyesho hilo.

Mtaa mmoja juu kutoka Longacre, Broadway namba 1619, ndipo lilipo Brill Building la mwaka 1931. Juu ya mlango wake wa shaba ya manjano pana sanamu ya kichwa cha kijana, inayoaminika kuwa ya mtoto wa mjenzi, aliyekufa jengo likiwa bado halijaanza kazi. Mwaka 1962 ndani yake kulikuwa na kampuni 165 za muziki. Mtunzi aliingia na wimbo kichwani akatoka umechapwa, umerekodiwa kwa majaribio, na umepata mtu wa kuupeleka redioni. Hatua chache mbele, namba 1650, watunzi Carole King na Gerry Goffin walitungia nyimbo kwenye vyumba vidogo vya kampuni ya Aldon, piano zikisikika kutoka chumba hadi chumba.

Watunzi Jerry Leiber na Mike Stoller nao walikuwa na ofisi Brill Building. Wote walizaliwa 1933, wakakutana Los Angeles wakiwa vijana, na wakiwa na miaka 19 walimwandikia mwimbaji Big Mama Thornton "Hound Dog": mwanamke anamfukuza mwanamume mnyonyaji anayejikomba mlangoni pake. Mwaka 1953 wimbo huo ulikaa wiki saba kileleni mwa chati ya rhythm and blues. Mwaka 1956 Elvis Presley akauimba kwa maneno mengine, mwanamume yule akawa mbwa kweli, na dunia ikamsahau Thornton. Alifariki mwaka 1984, akiwa fukara.

Miaka 11 baadaye, Machi 1995, Smokey Joe's Cafe ilifunguliwa katika ukumbi wa Virginia, Mtaa wa 52: waimbaji tisa na nyimbo takriban 40 za Leiber na Stoller, bila mazungumzo ya kuziunganisha. "Hound Dog" alipewa B.J. Crosby, mwanamke mwenye sauti ya kutikisa paa. Sikilizeni albamu ya onyesho hilo. Hasira, dharau na utani wa mwanamke aliyechoka vyote vimo, na aliyeujua wimbo kwa Elvis tu anautambua kwa mara ya kwanza. Haikuhitajika hotuba ya kumtetea Thornton.

Mwaka ule tuzo ya Tony ya onyesho bora la muziki ilikwenda kwa Sunset Boulevard, yenye kisa kizito na mandhari ya gharama kubwa. Smokey Joe's Cafe iliteuliwa mara saba ikatoka mikono mitupu. Sunset Boulevard ilifungwa baada ya maonyesho 977. Smokey Joe's Cafe ilifikisha 2,036.

Ukumbi wa Virginia ulipewa jina la August Wilson mwaka 2005, na mwaka huohuo ukapokea Jersey Boys, ambamo nyimbo za mwimbaji Frankie Valli na kundi lake la The Four Seasons zimefungwa kwenye simulizi la maisha yao. Ilidumu mpaka 2017, na watayarishaji wengi wameifuata njia hiyo. Ni kazi nzuri, lakini humo kila wimbo umeshapewa sababu: hapa walipendana, hapa waligombana. Smokey Joe's Cafe inaishia na "Stand by Me", waimbaji wote jukwaani, bila kutuambia nani anamwomba nani. Aliyefiwa anaweza kuusikiliza kwa habari ya marehemu wake, na waliooana wiki iliyopita, kiti cha pili yake, kwa habari yao.